Karo Imepatikana, Lakini Mtoto Atalala Wapi?



Mwezi wa nane na wa tisa ni miezi ya harambee katika vijiji vyetu. Barua ya kuitwa chuoni ikishafika, kikundi hukaa, kadi huchapwa, mbuzi huchinjwa, mgeni wa heshima hualikwa, na jioni mweka hazina husimama kutangaza kwamba karo ya muhula wa kwanza imetimia. Watu hupiga vigelegele. Sisi pia tumepiga vigelegele vingi, maana tumealikwa mara nyingi. Lakini tangu tuanze kupokea simu za wanafunzi hao wiki chache baada ya harambee, tumejifunza kuuliza swali moja kabla mbuzi hajachinjwa: huyu mtoto atalala wapi?

Hebu tuwaeleze habari ya msichana mmoja kutoka upande wa Yatta. Jina lake hatutalitaja. Mwaka 2022 kikundi cha akina mama kilimlipia karo katika chuo kimoja hapa Thika. Akafika Jumapili jioni na sanduku, blanketi na shilingi 14,000 kwenye simu. Vitanda vya chuo vilikuwa vimejaa zamani. Pale kwenye steji akakutana na kijana aliyejiita ajenti, akaonyeshwa picha za chumba kizuri chenye vigae na dirisha kubwa, akaambiwa kuna watu watatu wanaking'ang'ania, kwa hivyo atume 9,000 ili kishikiliwe hadi kesho. Akatuma. Kesho yake ile simu ikawa mteja hapatikani.

Akaona haya kupiga simu nyumbani. Si mnajua, watu wamekuchangia mbele ya kijiji kizima, utaanzaje kusema umepoteza 9,000 siku ya kwanza? Akalala kwa rafiki wawili, kitanda kimoja watu watatu. Baada ya wiki mbili akasaidiwa na mwanamume mwenye duka, aliyemzidi miaka karibu kumi na tano. Tulipompata katika mwezi wa pili alikuwa anakaa kwa huyo mwanamume, anampikia, na darasani anaonekana mara moja moja. Hakuwa mtoto mbaya. Alikosa mahali pa kuweka sanduku lake.

Tulipoenda kwa kikundi, mama mweka hazina alishika shavu akasema, "Mwalimu, sisi tulijua chuo ni kama shule ya bweni. Ukilipa karo, kitanda kiko."

Zamani ilikuwa hivyo

Mama huyo hakusema upuzi. Zamani mwanafunzi wa chuo kikuu Kenya alipewa kitanda na chakula, na juu yake posho ambayo wanafunzi wenyewe waliiita "bumu". Lakini wanafunzi wenyewe walikuwa wachache. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 vyuo vikuu vya umma vilikuwa vinne tu: Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton. Kisha watoto wa kwanza wa 8-4-4, waliofanya mtihani wa KCSE mwaka 1989, wakaingia vyuoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikaanza mpango wa kugawana gharama na wazazi. Bumu ikaisha. Mwaka 1995 ikaundwa bodi ya mikopo, HELB.

Idadi ya wanafunzi ikapanda, vitanda vikabaki nyuma. Hapa kwetu peke yake hesabuni: JKUAT pale Juja, iliyokuwa chuo cha kati tangu 1981 na ikawa chuo kikuu mwaka 1994, Mount Kenya University hapa Thika, iliyopata hati yake mwaka 2011, chuo cha ufundi cha Thika, chuo cha KMTC cha wauguzi na watu wa afya, Zetech pale Ruiru, na ukisonga kidogo kuelekea Nairobi, Kenyatta University pale Kahawa. Vyote hivi viko kwenye barabara moja. Vyuo vingi vina hosteli zake, lakini si kwa kila mwanafunzi, na mahali pengi kitanda huombwa kwa mtandao na vitanda huisha upesi sana. Mzazi anayengoja siku ya kuripoti ndipo aulize habari za kitanda, amechelewa.

Kuna jambo la pili, na hili watu wa kijijini hawalioni kwa urahisi. Mwanafunzi hagombanii chumba na wanafunzi wenzake tu. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipomalizwa kupanuliwa mwaka 2012, mfanyakazi wa Nairobi aliona anaweza kulala Ruiru au Juja na kufika kazini asubuhi. Mashamba ya kahawa tuliyoyajua yakaanza kukatwa ploti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, ukawa mji wa nne kwa watu wengi Kenya nzima, mbele ya Eldoret na Kisumu. Thika, ambao sisi tulizoea kuuona ndio mji mkubwa, ulikuwa na 251,407. Sasa fikirini: mtoto wenu mwenye pesa ya harambee anasimama mlango mmoja na mtu mwenye mshahara wa kila mwezi. Mwenye ploti atamchagua nani?

Hesabu ya chumba

Wengi hutuuliza, "Chumba ni pesa ngapi?" Jibu ni kwamba bei hubadilika kila msimu na kila mtaa, na hatutaki kuwapa bei ambayo mtafika nayo mkachekwa. Tutumie mfano. Tuseme chumba kimoja, kile watu wanakiita singo, ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Kijijini watu husikia 5,000 na kuandika 5,000. Hapo ndipo kosa huanza.

Siku ya kuingia mwenye ploti atadai kodi ya mwezi wa kwanza, 5,000, na amana, au dipoziti kama wote wanavyoiita, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, 5,000 nyingine. Wengine huongeza dipoziti ya maji na stima, tuseme 1,000. Hiyo ni 11,000 kabla ya kufungua mlango. Ndani hakuna kitu, hata balbu wakati mwingine. Godoro, ndoo mbili, sufuria, sahani, mtungi mdogo wa gesi na kichomeo chake: tuseme 8,000 kwa mtu anayenunua kwa uangalifu. Tumefika 19,000 na mtoto hajala. Muhula ni miezi minne, kwa hivyo ongeza kodi ya miezi mitatu iliyobaki, 15,000. Jumla 34,000. Mnaona sasa vile 14,000 ya yule binti, hata kama asingeibiwa, isingemfikisha mbali.

Wakikaa wawili mambo hubadilika. Kodi ya miezi minne, dipoziti na ile 1,000 ni 26,000, kila mmoja 13,000, na gesi ni moja na ndoo ni zile zile. Kwa hivyo tunawashauri watoto wa kwanza wasitafute chumba cha peke yao. Lakini mwenye ploti aulizwe kwanza kama anakubali wawili, na wale wawili wawe watu wanaojuana. Tumeona urafiki wa siku tatu uliovunjika kwa sababu ya sukari.

Na ile HELB? Mkopo upo na unasaidia, na una sehemu ya karo na sehemu ya matumizi inayomfikia mwanafunzi mwenyewe. Lakini mara nyingi pesa ya matumizi hufika wanafunzi wakiwa wameshaketi darasani wiki kadhaa. Mwenye ploti hangoji HELB. Andikeni kwenye kitabu chenu kama pesa ya miezi ya baadaye, na ya mwezi wa kwanza itoke mfukoni mwa kikundi.

Bei ya chini nayo isiwadanganye. Chumba karibu na geti la chuo kinaweza kuwa 5,500 na cha mbali 3,500, na mzazi atasema tumeokoa 2,000. Sasa hesabu matatu. Kama nauli ni 50 kwenda na 50 kurudi, kwa siku 22 za masomo ni 2,200. Chumba cha 3,500 kimekuwa 5,700. Mvua ikinyesha nauli hupanda, na kuna masomo yanayoisha giza limeingia. Kwa msichana hilo la giza lina uzito kuliko zile shilingi. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kwa sababu ya mauaji ya wanawake yaliyokuwa yametokea mwezi huo. Mabinti zetu walioko vyuoni wanazijua habari hizo kuliko sisi, na hawapendi kutuambia jinsi wanavyoogopa.

Jambo lingine la hesabu ni likizo. Wanafunzi wakifunga miezi mirefu, chumba hakifungi. Ukikaa na chumba mwaka mzima na masomo ni ya miezi minane, umelipa miezi minne, 20,000 kwa mfano wetu, ili godoro lilale peke yake. Wengine hutoka na kuuza vitu kwa bei ya kutupa, halafu Septemba wananunua tena. Kuna njia nzuri zaidi. Baadhi ya wenye ploti hukubali nusu kodi wakati wa likizo wakiombwa mapema na kwa heshima. Au chumba kikaliwe na mwanafunzi mwingine wa kijiji hicho aliyekuja mjini kwa mafunzo ya kazini, mwenye ploti akijua. Hosteli za watu binafsi mara nyingi hulipwa kwa muhula, na hapo hakuna kodi ya likizo, ingawa utalala chumba kimoja na watu usiowachagua.

Kwenda kukagua

Chumba kitafutwe wakati wanafunzi wengine wanahama, si wakati wote wanaingia. Ulizeni chuo kinafunga lini. Wiki ile wanapofunga ndipo wanaomaliza masomo hutoka, na keateka wa ploti ana funguo za vyumba vitupu mkononi. Wiki ya kuripoti, chumba kilichobaki kimebaki kwa sababu.

Kikundi kitume watu wawili. Sisi tungependa mmoja awe mama mzima na mwingine kijana anayejua mji. Mama ataona jikoni na chooni, kijana ataona steji na vichochoro. Nauli yao ni sehemu ya gharama ya masomo, msione haya kuiandika. Vibao vya vyumba vya kukodisha vimebandikwa kwenye mageti na kwenye nguzo, na mkitembea mtaa mmoja saa mbili mtaona zaidi ya mnavyoonyeshwa na ajenti siku nzima. Ajenti wa kweli wapo, hatuwasemi vibaya wote, lakini wengine hutoza pesa ya kuonyesha tu, upende usipende.

Mkifika, usimwulize keateka kama maji yapo. Atasema yapo. Mwulize mpangaji anayefua nguo: maji huja siku ngapi kwa wiki, na yasipokuja mtungi ni pesa ngapi? Ni ya kampuni au ya kisima? Maji ya visima vingine ni ya chumvi, hayaivishi maharagwe. (Jambo la kushangaza ni kwamba bwawa la Ndakaini, lililomalizwa mwaka 1994, liko kule juu Gatanga, na maji yake huenda Nairobi. Sisi wa huku chini bado tunabeba mitungi.)

Kuhusu stima, ulizeni kama chumba kina mita yake ya tokeni au ni mita ndogo ya mwenye ploti. Mita ndogo si kosa, lakini wengine huuza yuniti kwa bei yao wenyewe, na mwanafunzi hugundua baada ya mwezi kwamba tokeni ya 200 imemalizika kwa siku nne.

Angalieni ardhi. Sehemu nyingi za Juja ni udongo mweusi, na wakati wa mvua njia ya kutoka kwenye lami hadi kwenye ploti inakuwa ya gambuti. Mkiweza, nendeni siku moja baada ya mvua kubwa. Nyumba ambayo mwezi wa pili ilionekana karibu na barabara, mwezi wa nne iko mbali sana.

Kisha inueni macho muangalie kuta. Mwezi wa Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, mvua ikinyesha usiku, na watu zaidi ya 40 wakafa. Na Kirigiti, Kiambu, jengo lililokuwa likijengwa lilianguka Septemba 2022. Sisi si wahandisi, na ninyi pia si wahandisi. Lakini ufa unaopita kwenye nguzo, ukuta unaotoka maji ghorofa ya chini, au ghorofa mpya inayoongezwa juu huku watu wanaishi chini, hivyo kila mtu anaviona. Muondoke. Na mtazame pia kama dirisha lina vyuma visivyofunguka na mlango wa kutokea ni mmoja tu, kwa ajili ya moto.

Hapa tunataka kusimama kidogo kwa sababu ya jiko. Mtoto wa kijijini amezoea jiko la makaa, na nyumbani nyumba ina matundu, upepo unapita. Chumba cha mjini ni saruji na kioo, kimefungwa kama kopo. Mwezi wa saba huku ni baridi, mwanafunzi anapika githeri, anaingiza jiko ndani apate joto, anafunga dirisha, analala. Makaa yakiwaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Inashika damu mahali pa hewa safi, na aliyelala haamki. Moshi ukiwa umekwisha na makaa yamekuwa mekundu mazuri, watu hufikiri hatari imepita, kumbe ndiyo hiyo inafanya kazi. Mwambieni mtoto kwa maneno hayo hayo: jiko la makaa halilali ndani. Kama kikundi kina pesa ya zawadi moja tu, iwe ule mtungi mdogo wa gesi, na hata huo utumike dirisha likiwa wazi.

Pesa na karatasi

Yule binti wa Yatta aliibiwa kwa sababu alituma pesa kwa kitu alichoona kwenye simu. Siku hizi picha za vyumba zimejaa katika makundi ya WhatsApp na Facebook, na zinasaidia kujua mtaa gani una nini. Lakini pesa isitoke kabla mtu wenu hajaingia chumba kile kile kwa miguu yake, akashika kitasa, na akaongea na jirani. Hakuna chumba kizuri hivyo. Anayewaharakisha ana sababu yake.

Ulizeni mwenye ploti ni nani hasa. Mzee wa Nyumba Kumi wa mtaa huo anajua, na mama wa kibanda cha mboga pale getini anajua zaidi. Kama ploti ina nambari yake ya paibili au akaunti ya benki, lipeni huko, si kwa simu ya keateka. Ikibidi kutuma kwa simu, jina linalotokea kabla ya kukubali lilingane na jina lililo kwenye karatasi. Na ikitokea pesa imekwenda kwa mtu asiyefaa, huo ujumbe wa M-Pesa upelekwe mbele kwa nambari 456 mara moja kuomba irudishwe. Mara moja maana yake dakika hiyo hiyo. Mwizi hutoa pesa upesi, na pesa ikishatolewa, kurudi ni bahati. Pia andikisheni polisi.

Karatasi ya makubaliano iandikwe hata kama mwenye ploti anasema, "Sisi hapa ni watu wa kuaminiana." Iseme kodi ni ngapi, dipoziti ni ngapi, inarudishwa lini, notisi ya kutoka ni ya muda gani, maji na stima ni juu ya nani, na wanaoruhusiwa kulala ni wangapi. Kwa nini tunasisitiza? Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, ambayo ina baraza lake la kusikiliza wapangaji, iliwekewa kikomo cha kodi ya shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyumba vingi vya wanafunzi siku hizi vimepita hapo. Anayelipa 5,000 analindwa zaidi na karatasi aliyotia sahihi.

Siku ya kuingia, kijana apige picha za kila kitu: ufa, kioo kilichovunjika, sinki inayovuja, rangi iliyobambuka. Azitume kwa mwenye ploti siku hiyo hiyo na kwa mweka hazina pia. Miaka miwili baadaye, wakati wa kutoka, dipoziti hupotea katika kitu kinachoitwa "kupaka rangi". Mkiwa na picha, mazungumzo huwa mafupi. Na mwenye nyumba akikataa kabisa bila sababu, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike kwa siku 60. Ulizeni katika mahakama za Thika au Ruiru. Lakini kabla ya mahakama, jaribuni chifu. Mara nyingi barua moja ya chifu hutosha.

Nyumba ya kikundi

Sasa turudi Yatta. Baada ya jambo lile akina mama walikasirika, kwanza kwa mtoto, halafu kwa yule ajenti, halafu kwa wenyewe. Mwaka 2023 walikuwa na watoto wengine watatu wa kupeleka Thika. Mama mmoja, ambaye hakusoma sana lakini anauza ndizi sokoni, akauliza, "Kwani kila mwaka tutanunua dipoziti mpya?" Swali hilo likabadilisha mambo.

Kikundi chenyewe kikawa mpangaji. Walichukua vyumba viwili vilivyopakana katika ploti moja, makubaliano yakatiwa sahihi na mwenyekiti na mweka hazina, na mwenye ploti alifurahi kwa sababu alijua akikosa kodi atapiga simu kwa watu wazima. "Mzee, tumekuja kama wazazi," mwenyekiti alimwambia, na yeye akajibu, "Basi mama, mimi sitaki kelele tu." Mabinti wanne wakaingia, wawili kila chumba. Mmoja wao ni yule wa kwanza. Alirudia muhula aliopoteza.

Dipoziti ya vyumba vile iko katika kitabu cha mali ya kikundi, chini ya viti vya kukodisha, hema na sufuria kubwa. Mtoto akimaliza, anaacha godoro na gesi, na mwingine anaingia. Wazazi hulipa kodi kwa mweka hazina kila tarehe 28, na mzazi akichelewa, benki ya mezani humkopesha kwa riba ile ile ya wanachama wengine. Wakati wa likizo chumba kimoja hubaki na wale walio kwenye mafunzo ya kazini na kingine hulipiwa nusu kodi.

Msifikiri ni raha tupu. Mwaka wa kwanza binti mmoja alimleta kaka yake akae "siku mbili", akakaa wiki tatu. Kuna mzazi aliyeacha kulipa miezi miwili akisema mwanawe anaonewa kwa zamu ya kuosha choo. Kikundi kilipaswa kuandika kanuni: nani analala, nani ananunua gesi, mgeni ni hadi saa ngapi, na mama mmoja huwatembelea kila mwezi, siku ambayo haitangazwi. Mabinti hawaipendi hiyo ya mwisho. Wakati huo huo, tumeona wakimwekea chai.

Na kwa vikundi vya hapa hapa karibu, Gatundu, Juja Farm, Kiganjo, ambavyo vina kipande cha ardhi na vinafikiria kujenga vyumba vya wanafunzi badala ya kufuga kuku: ni mradi mzuri, lakini anzeni na tangi la maji na choo cha kutosha, kisha vyumba vinne, si kumi na viwili. Toleo lingine tutaeleza habari za ramani na vibali vya kaunti, maana hilo ni somo lake lenyewe.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Katika harambee yetu ya mwisho, ni pesa ngapi ilikwenda kwa karo, ngapi kwa mahema na chakula, na ngapi kwa kodi ya chumba? Mweka hazina alete kitabu.

Wanafunzi wetu walioko Thika, Juja na Ruiru leo wanalala wapi? Ni nani kati yetu amewahi kuuona mlango huo kwa macho yake?

Mtoto wetu akiibiwa pesa siku ya kwanza, atampigia nani simu bila kuona haya? Mtajeni kwa jina, na nambari yake iandikwe kwenye kadi ambayo kila mwanafunzi atapewa kabla ya kuondoka.